Nyuzi nne za saa saba

Ijumaa. Joto, upepo hakuna. Ami amefunga duka mapema, nami nimeketi ukumbini kwetu na shati la kazi bado mwilini.

Leo tumekaguliwa.

Duka letu la dawa ni dogo, la kaunta moja, hapa Kibokoni. Mwenyewe ni mfamasia, Ami Twaha. Si ami yangu wa damu, ila sijathubutu kumwita vinginevyo. Mimi ni karani. Mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa saba mchana, nasoma kipimajoto cha friji ya insulini na kuandika daftarini. Juu ya daftari Ami ameandika kwa mkono wake: andika ulichokiona.

Ijumaa tunafunga saa sita na nusu kwenda kuswali, tunarudi saa nane. Saa saba siko. Lakini siwezi kustahimili kisanduku kitupu, kwa hiyo kila Ijumaa, kabla ya kufunga, nakijaza mapema: nyuzi nne. Friji yetu hukaa kwenye nne. Nilijiambia ni unadhifu tu.

Leo tuliporudi tulimkuta mama mmoja kwenye baraza ya fundi kofia, jirani yetu, mkoba magotini. Fundi alikuwa ameshamtania kwamba watu wa dawa nao wamekwenda kutafuta dawa yao. Mama akacheka, kisha akatuonyesha kitambulisho. Mkaguzi.

Leseni alizikubali. Rafu alizikubali. Alipofungua daftari la friji, kidole kikasimama kwenye mstari wa leo.

"Saa saba nilikuwa hapo barazani," alisema polepole. "Mlango ulikuwa na kufuli. Nani aliyesoma?"

Ami alinitazama.

"Duka ni langu, mama," alisema. "Niandike mimi."

Nami nikamwacha aandikwe.

Mkaguzi akauliza kuhusu siku nyingine. Ami akamjibu kwamba siku nyingine zote ni sawa, mimi ananijua vizuri. Akaandikiwa onyo la leo pekee, na insulini ikaruhusiwa kuuzwa.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema.

Wiki mbili zilizopita, Ijumaa, nilirudi nikakuta stima imepotea na friji kimya. Ami alikuwa bado mazikoni. Kipimajoto kilisema kumi na nne. Tangu saa ngapi, sijui. Stima ikarudi. Nne yangu ilikuwa imeshaandikwa kwa wino, nikaona haya kuikata. Nikaiacha.

Pengine dawa haikuharibika. Pengine. Sikumpa Ami nafasi ya kuamua.

Mkaguzi alipoondoka tu, akaingia Bi Rukia, jirani wa nyuma ya msikiti, kuchukua insulini yake. Nilimpa kwa mikono hii, kutoka friji ileile. Akaniambia, "Mungu akuweke, mwanangu." Nikaitikia amina.

Bi Rukia hujidunga kabla ya chakula cha usiku. Bado ni jioni. Naandika haya hapa mtandaoni, mahali watu wanasoma, ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Kwanza kwake, nimwombe kichupa kile. Kisha kwa Ami, kabla hajakaa kula.

Nimwambie nilikosea leo, au kila Ijumaa?

Kila Ijumaa. Na ile ya kumi na nne.

Navaa viatu.