Kocha Aliyenichezesha na Mguu Uliovunjika

Anti Verna, shikamoo. Safu yako ya gazetini nimeisoma tangu sijaoa, na wanaokuandikia nilikuwa nawacheka, leo zamu ni yangu, nimekaa ndani ya gari nje ya uwanja wa barafu namsubiri binti yangu amalize mazoezi, kichwa kimejaa na sijui pa kushika, nisaidie tafadhali kabla mwezi haujaisha, kwa sababu mwisho wa mwezi ndipo anatakiwa kusema anakwenda chuo gani.

Binti yangu Marit anacheza beki, na wala si kwa kuwa ni wangu, Anti, yule mtoto hoki ya barafuni anaijua. Tangu hajaweza kufunga kamba za viatu mwenyewe nilikuwa namwaga maji uani kila majira ya baridi yagande apate pa kuchezea. Sasa vyuo viwili vinamtaka, vyote vitamsomesha bure, kwa hiyo hela siyo shida, shida ni makocha. Chuo cha kwanza ndicho nilichochezea mimi, na anayefundisha timu ya wasichana siku hizi ni yuleyule aliyenifundisha, Kocha Stedman, nywele zimekuwa nyeupe lakini sauti ni ileile, akikufokea wanasikia mpaka mashabiki wa safu ya juu kabisa.

Kuna hadithi yangu moja ambayo mji mzima unaijua. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilizuia shuti kwa mguu, kile kisahani cha mpira kikanipiga juu ya kiatu nikasikia kitu kinakatika, nikajikokota mpaka benchi, na wakati wa mapumziko nikataka kuvua kiatu niutazame mguu, Kocha akaja akanisimamia, akasema, "Usivue. Ukivua utavimba na kiatu hakitaingia tena. Kaza kamba." Nikakaza, nikacheza kipindi chote cha mwisho na mfupa uliovunjika, tukashinda, wenzangu wakanibeba juujuu, na toka hapo hiyo ndiyo hadithi yangu, naisimulia harusini, naisimulia mgodini tunapobadilishana zamu, naisimulia kwenye vibanda vya kuvulia samaki ziwa likiganda, watu wanacheka na mimi nacheka nao.

Wasichokijua ni kilichofuata. Mguu uliunga vibaya, mbio zikaniishia, na mwaka uliofuata siku ya mechi ya nyumbani, wazazi wangu wameshafika kutoka mbali, niliingia chumba cha kubadilishia nguo nikakuta msumari wangu mtupu. Kwetu jezi yako isipotundikwa maana yake huchezi, unavaa suti na tai unapanda juu kukaa na watazamaji. Hakuna aliyeniambia neno. Nikakutana na Kocha kwenye ujia, akasema "Habari," akapita zake, na ndivyo ilivyokuwa karibu mechi zote mpaka nikamaliza chuo, hakuniita hata siku moja kuniambia kwa nini. Mama aliniuliza, "Umemkosea nini mwalimu wako?" nikamwambia mimi mwenyewe ndiye niliyeomba kupumzika. Jolene, ambaye sasa ni mke wangu, alikaa pembeni yangu siku ile, na ni yeye peke yake anayejua.

Na bado yule mzee nampenda, Anti, hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Baba yangu alipofariki, Kocha aliendesha gari kwenye theluji nusu siku nzima kuja kumzika, akabeba jeneza pamoja nasi.

Juzi alikuja kwetu kumwomba Marit ajiunge naye, Jolene akapika supu ya ule mchele wa mwitu unaoota ziwani, na hadithi ya mguu akaitoa Kocha mwenyewe, huku ananipigapiga bega. "Marit, baba yako huyu ni chuma! Watoto wa siku hizi wakiumwa kucha wanataka daktari." Marit akaweka kijiko chini. "Halafu ikawaje, Kocha?" "Ikawaje nini? Tukashinda!" "Nauliza mguu." Kocha akacheka, "Muulize mwenyewe si huyo hapo." Mwanangu akanigeukia, na mimi, Anti, nikasema, "Aah, wiki chache tu nikawa fiti." Jolene akainuka akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kisha akaja kocha wa chuo cha pili, Kocha Pelletier, mama mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa, mdogo kwangu kwa umri. Akala sahani mbili, akajifuta mdomo, akamwambia mwanangu ndani ya nyumba yangu, "Mwaka wa kwanza hutacheza sana, nina mabeki wazuri mbele yako. Na ukigeukia kushoto unachelewa, hilo wapinzani watalijua mapema. Ukija tutalishughulikia, na kila mechi ambayo huchezi, sababu utaisikia kwangu, siyo kwa mtu mwingine." Mimi nikachemka, mtu unakula chakula changu unamtukana mwanangu! Alipoondoka nikasema, "Huyu mama ana dharau." Marit akasema, "Baba, huyu ndiye aliyenitazama nikicheza."

Jana tukiwa garini akaniuliza taratibu tu, "Baba, mimi nikivunjika mguu, ungetaka Kocha Stedman aniambie nikaze kamba?" Nikaongeza sauti ya redio.

Kocha kanipigia simu asubuhi, kasema, "Mwambie binti arudi nyumbani kwao," yaani chuo chetu. Je, nimwambie Marit yote? Nikisema nitakuwa nimemsaliti mzee aliyebeba jeneza la baba yangu, na mwanangu atajua kwamba babaye hakuwa chuma, alikuwa mtu aliyeachwa juu kwa watazamaji. Nisiposema, mtoto atakwenda kwake, maana ananiamini. Kocha mzuri wa kuchezea ni yupi, Anti? Nilidhani najua.

Baba wa Beki

*

Baba wa Beki, marahaba.

Pole sana. Kuachwa bila neno kunauma kuliko kuvunjika, na umelibeba kimyakimya miaka yote hii huku ukichekesha watu. Hiyo ni pole yangu, na imeishia hapo, kwa sababu mwanao alikuuliza swali la ndiyo au hapana nawe ukaongeza sauti ya redio. Baba mzima! Swali lenyewe ulishalijibu ndani ya roho yako, jibu ni hapana, usingetaka. Ingekuwa ungetaka, usingeniandikia.

Ukali tuuweke kando, usije ukadhani nakuchagulia kocha mpole. Kwenye majukwaa ya viwanja vya barafu nimekaa miaka mingi, na blanketi langu na chupa yangu ya kahawa. Nimewaona wanaofoka mpaka mishipa ya shingo inawasimama na wachezaji wao wako tayari kupita motoni kwa ajili yao. Nimewaona pia wenye sauti laini waliowaharibu vijana wa watu huku wakitabasamu. Ninachokitazama mimi ni kimoja: siku ambayo mchezaji hana faida tena kwa kocha, je, bado ni mchezaji wake? Mguu wako ulipokuwa na faida, Stedman alijua mpaka namna ya kufunga kamba zako. Ulipokwisha faida, sentensi moja ilimshinda. Usiniambie alikuwa na shughuli nyingi. Ulikutana naye kwenye ujia, akapata nafasi ya kusema habari.

Alikuja mazikoni, ndiyo, na Mungu ambariki kwa hilo. Mtu anaweza kuwa jirani mwema kabisa na akawa kocha mbaya. Endelea kumpenda, mpelekee samaki, mkaribishe supu. Shukrani zako ni zako, mlipe kwa mikono yako mwenyewe. Usimlipe kwa miguu ya Marit.

Huyo Pelletier nami simjui, na sitakuambia ni malaika kwa sababu alisema kweli mezani. Wapo wanaosema kweli wakati wa kutafuta wachezaji tu. Kwa hiyo fanya hivi. Mpeleke Marit vyuo vyote viwili, siku ya mazoezi, siyo siku ya mechi, na msipige simu kwanza. Wachezaji nyota wakishatoka kwenye barafu, nyie bakini. Watabaki wale ambao jezi zao hazitatundikwa wiki hiyo, wanakimbia mizunguko ya ziada. Tazameni ni nani amesimama nao. Kisha wewe toka nje ukanywe kahawa, umwache binti aongee nao bila wewe wala kocha, awaulize, "Mara ya mwisho ulipoumia, kocha alikuambiaje?" Wengine watajibu, wengine watatazama chini. Marit ana akili, atawaelewa wote. Halafu aamue yeye, na akiamua kwenda kwa Stedman baada ya kuyaona hayo, utamnunulia kofia ya chuo chako na utanyamaza.

Ila kabla ya safari hiyo, mwambie. Yote: msumari mtupu, suti na tai, uongo uliomwambia mama yako, na ule wa "wiki chache tu." Jolene awepo, naye amechoka kukutunzia siri hii. Usimtukane mzee na usijitukane wewe. Unaogopa atajua kwamba hukuwa chuma. Hukuwa chuma kweli, baba. Ulikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, umeumia, na mtu mzima pekee aliyekuwa chumbani mle akakuambia kaza kamba. Hapo aibu si yako, na haijawahi kuwa yako hata siku moja.

Majina nimeyabadilisha, lakini hadithi ya mguu mji mzima unaijua, na mwanao akifika mstari wa kumi atajua ni nyinyi. Nilifikiri nisiichapishe. Nimeichapisha kwa sababu mjini humu wapo akina baba chungu nzima wanaochekesha watu kwa maumivu yao halafu wanawapeleka watoto wao kulekule. Gazeti hili hufika milangoni kabla hakujakucha. Kama umelishika wewe kwanza na Marit bado amelala, liweke chini, panda ngazi, ukamwamshe.

Anti Verna