Mtoto wa Rejina Atolewe Nje

Arusha, wodi ya watoto
Jumatano

Aayo, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Baba kikohozi kimemwachia? Na mvua huko Kansay, imeyakuta mahindi au imewapita? Mimi mwili ni mzima. Mjukuu wako Danieli anapumua, na kwa leo nianzie hapo.

Rejina mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Soma polepole, na hata mama akikuambia inatosha, usiache.

Aayo, juzi kwenye simu tuliongea wote kwa pamoja, hakuna aliyemsikia mwenzake. Ulisema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuumiza mjukuu wangu?" Kisha simu ikakatika. Sijui ni mtandao, sijui ni wewe. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka tulivyomzika yule wangu wa kwanza. Ulisema upepo na macho ya watu ndivyo vilivyommaliza, na huyu wa pili asitoke nje mpaka aote jino. Nilikubali kwa moyo wote. Kule ukingoni mwa kreta, kwenye nyumba za wafanyakazi wa hoteli anakopika mkweo Baha, ukungu unakaa mpaka karibu saa sita. Nilifunga mlango, nikamvalisha sweta mbili, kofia, soksi na blanketi juu yake. Miezi mitano hakuna jirani aliyemwona hata sikio. Nilijivuna, Aayo, nikajiona mama anayejua kulea.

Alianza kutoka jasho kichwani akinyonya. Ananyonya kidogo, anaachia, anahema kama amepanda mlima. Nikasema ni mafua, nikampa dawa ya kikohozi. Jumapili akiwa mapajani mwangu akakakamaa, macho yakaenda juu, midomo ikawa myeusi. Nilipiga kelele mpaka Baha akaja mbio na aproni yake ya jikoni. Dereva mmoja wa watalii ndiye aliyetushusha Karatu, na kutoka hapo tukaletwa huku na gari la wagonjwa.

Daktari ni dada wa makamo, haongei sana. Alimpima moyo kwa mashine, akanionyesha kwenye kioo. Moyo wa mwanangu umetanuka, unapiga kwa uchovu.

Akasema, "Mama Danieli, ngozi ikipata jua mwili unatengeneza vitamini D. Vitamini hiyo ikikosekana, kalsiamu haiingii mwilini vizuri. Na moyo ni msuli, unaitaka hiyo kalsiamu ili ujikaze na kusukuma damu. Wa huyu umekosa nguvu."

Nikamwambia, "Lakini ananyonya maziwa yangu tangu azaliwe, na jua anapata. Namlaza dirishani."

"Dirisha lina kioo?"

"Lina."

"Huwa unalifungua?"

"Daktari, kule juu ni baridi!"

Akanishika bega. Akasema kioo kinaleta mwanga na joto, lakini miale inayofanya kazi hiyo haipiti. Na maziwa yangu ni mazuri ila vitamini hiyo ni kidogo ndani yake, tena mimi mwenyewe nilikuwa nimejifungia.

Jirani yangu wa kitanda ni mama mmoja wa Kimasai kutoka Enguserosambu, tunamwita Mama Nasieku. Siku ya kwanza aliniangalia ninavyomkunja Danieli, akasema, "Wewe, huyo ni mtoto au mzigo wa mnadani? Hata mwizi angechoka kumfungua!" Nilicheka, halafu nikalia, naye akanishikia mtoto.

Sasa hali yake. Kalsiamu inaingia kwa dripu, matone ya vitamini anapewa, na dawa ya moyo. Jana walimtoa oksijeni nikamshukuru Mungu, leo mchana wakamrudishia. Kesho moyo unapimwa tena. Daktari hajaniahidi kitu. Alisema tu kwamba wengi wa aina hii mioyo yao hurudi, taratibu, kwa miezi, dawa zikifuatwa. Nimelishika hilo neno "wengi" sitaki kuliachia.

Aayo, sikulaumu. Mikono iliyofunga lile dirisha ni yangu, na woga ulikuwa wetu wote wawili. Lakini mtoto wa Rejina ana miezi miwili, na najua yuko chumba cha ndani, amefunikwa, kwa sababu wewe unampenda kama ulivyompenda wangu. Naomba umtoe. Asubuhi jua likishapanda, mkae naye uani, mikono na miguu wazi, kidogo kidogo, asiunguzwe. Na wampeleke kliniki Karatu wamwangalie, waulize kama anahitaji matone, maana daktari alisema jua peke yake wakati mwingine halitoshi. Rejina, ukiona anatoka jasho akinyonya, usimpe dawa ya kikohozi. Panda bodaboda siku hiyo hiyo.

Barua hii ameibeba Baha. Nimemkataza asiongeze neno, maana mkwe hawezi kusimama mbele ya mama mkwe akamfundisha kulea. Mpe chai tu.

Nisalimie baba, mwambie simu aichaji. Nisalimie shangazi wa Rhotia na wenzake wa kwaya, wamtaje Danieli kwenye sala. Msalimie na bibi mzaa baba, mwambie kitukuu wake ana paji la uso kama lake.

Jumapili baada ya misa nitapiga. Usiniambie habari za mahindi, Aayo. Niwekee simu karibu na mtoto wa Rejina, nimsikie anavyolalamika, na nyuma yake nisikie kuku na upepo wa uani.

Mimi mwanao anayekupenda,
Yasinta, mama Danieli