Akilala, Usimwinue

Mdogo wangu Magesa,

Niwie radhi kwa ukimya huu. Miezi minne imepita tangu tukuzike Butiama, nami niliyekuwa nikikukaripia ukichelewa kujibu barua kwa wiki moja, sijakuandikia hata mstari. Kalamu nilikuwa nayo. Sikuwa na habari ambayo ningeweza kuiandika mpaka mwisho.

Leo ninayo. Inahusu buibui wako.

Nilimchukua kutoka karakana yako ya useremala kule Bunda siku ya pili baada ya maziko. Nililifunga kopo lake ndani ya khanga, nikalipakata hadi nyumbani kwangu Nyakato. Ni mimi huyuhuyu niliyekuita mwendawazimu ulipomtoa kwenye ufa wa gogo badala ya kumponda. Wakati ule alikuwa kama punje ya harage. Sasa, miguu na yote, anaenea kwenye kizibo cha soda.

Nimefuata kila ulichonieleza. Gome la mti nimelisimamisha wima, kwa kuwa yeye ni wa mtini, hakai chini. Maji nanyunyizia upande mmoja wa kopo, yeye simlowanishi. Mara mbili kwa wiki nampa mende wachanga, wadogo kuliko tumbo lake. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi walipotufikia, nilisimama mlangoni na kikombe nikiwakinga kama mvua. Jirani yangu, Mama Neema, alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya ukuta: "Mwalimu! Wenzako huwa tunafungaga madirisha, wewe unawakaribisha!" Nikamwambia nina mgeni anayewapenda. Akacheka. Angemwona huyo mgeni, asingecheka.

Wiki tatu zilizopita akaacha kula. Alipanda juu ya gome, akafuma utando mzito, akajifungia ndani. Ulikuwa umeniambia siku hiyo itakuja: anavua gamba, mwili wake mpya ni laini, asiguswe wala asilishwe. Nilijua, Magesa. Lakini sisi tulilelewa na watu wa ng'ombe. Mnyama akikataa chakula, unakiweka mbele yake mpaka akubali. Mama alifanya hivyo, na mkono wangu ukafanya hivyo kabla kichwa hakijaukataza. Nikamtilia mende mzima, hai. Kesho yake asubuhi nikamkuta mende ameingia kwenye utando. Nilimtoa kwa kibano, nikauchana utando kidogo. Sijui kama mende alikuwa amekwisha kumng'ata buibui. Tangu siku hiyo hakuna kilichotikisika mle ndani. Kila asubuhi nalisogeza kopo dirishani, natazama, nalirudisha.

Na Jumamosi ni kikao cha ukoo, Butiama. Desturi ya kwetu unaijua: kila mnyama wa marehemu hutajiwa mrithi, na mrithi humleta mbele ya wazee, wakamwona amesimama kwa miguu yake, ndipo anakuwa wake. Asiyeonyeshwa hana mwenyewe, na mkubwa wa kikao humfanya apendavyo. Mbuzi wako wamekwisha kupata wenyewe. Sikutaka kuficha kitu cha marehemu, kwa hiyo nilimtaja buibui kwa simu kwa Baba Mdogo Wambura, ambaye ndiye mkubwa wa kikao sasa.

Alinijibu: "Mwalimu mzima, unafuga shetani kwenye kopo? Haya, mlete. Asiposimama namtia motoni, na kopo lake!"

Nyuma yake nikamsikia Shangazi: "Na akisimama, mtamkamua saa ngapi?"

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Kumsimamisha ni kuupasua utando, na akiwa angali hai, huko ndiko kumuua.

Siku hizi namkumbuka sana yule ndama. Hatukuwahi kumzungumzia. Baba na Baba Mdogo walikuwa wamekwenda mnadani, nami mkubwa wenu nikaachiwa zizi, nihesabu ng'ombe. Ulisema, "Dada, amelala tu, ana homa, tumwache." Nikakujibu kwamba mimi sihesabu kilicholala. Nikakuamuru umwinue. Ukamwinua huku unalia. Alipiga hatua mbili, akaanguka, hakuamka tena. Jioni Baba alipouliza ni nani aliyemwinua ndama mgonjwa, ulisema ni wewe. Baba Mdogo ndiye aliyekata fimbo. Mimi nilisimama palepale mlangoni, nikazihesabu, na sikufungua kinywa.

Maisha yako yote hukunirudishia habari ile. Ila siku ya mwisho wodini, ulipokuwa ukinieleza namna ya kumtunza buibui, ulinitazama, ukasema: "Dada, huyu akilala, usimwinue." Nikaitikia upesi, kama mtu anayepokea maelekezo ya dawa. Nilipofika getini ndipo nilipomkumbuka ndama.

Kwa hiyo Jumamosi nitakwenda Butiama mikono mitupu. Kopo litabaki mezani pangu. Nitawaambia wazee kwamba buibui yupo, amelala, sitamwinua, na ninawaomba waniamini bila kuona. Mimi, ambaye sikumwamini mwanafunzi hata mmoja kabla ya kuliona daftari lake! Lakini siwezi kuomba kuaminiwa nikiwa nimeukalia uongo wa miaka yote hiyo. Nitaanza na ndama. Nitalisema jambo hilo mbele ya Baba Mdogo, mbele ya Shangazi, na mbele ya watoto wako, wasikie baba yao alichapwa kwa ajili ya nani.

Naogopa, Magesa. Wanaweza kusema kwamba mtu aliyenyamaza siku ile hana haki ya kurithi hata mdudu wako, na watakuwa hawakukosea. Wanaweza kuja Nyakato na kiberiti. Na hata wakinikubalia, huenda ninalinda gamba tupu.

Lala, mdogo wangu. Nimejifunza kumwacha mtu alale. Wazee wakishaamua, nitakuandikia siku ileile, kabla sijavua viatu vya safari, liwe jema au baya.

Dada yako,
Nyamisi