Kicheko cha Nyuma ya Kamera

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada
Jinsia: mwanamke
Umri: miaka 54
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba ya pili nyuma ya stendi ya zamani
Kuhusu: tuhuma ya wizi wa mali ya kampuni ya filamu za mtandaoni

Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga picha wa kampuni inayolalamika. Mtuhumiwa ni mhariri wa video, wote tunamwita Mkasi, na walifanya kazi pamoja tangu mwanzo. Nimekuja kwa hiari yangu baada ya kusikia kwamba yuko mahabusu tangu jana, akidaiwa kutoa filamu za kampuni kwa flashi.

Kampuni hiyo ilianzia kwenye banda letu la uani. Mkurugenzi tulimwita Kamera Moja, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Mimi nilishona mavazi. Walitengeneza vichekesho, watu wakavilipia na kuvitazama kwenye simu. Mume wangu hakuweza kujizuia. Mwigizaji akichekesha, naye alicheka nyuma ya kamera, na kicheko kikaingia kwenye kipindi. Kamera Moja alimgombeza: "Kaka, funga mdomo, tunarekodi!" Baadaye watazamaji wakaandika kwamba bila yule mzee anayecheka hawalipi. Akaachwa acheke.

Kampuni ikakua, ikafika nchi jirani, ikahamia kwenye ghorofa. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Mwaka huu vipindi vya zamani vimepelekwa ng'ambo na vinatiwa sauti za lugha za huko. Watazamaji wa huko walilalamika kwamba kuna mtu anacheka na haonekani. Walidhani ni hitilafu ya mitambo. Mkasi akaagizwa aondoe vicheko vyote.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumamosi, saa kumi jioni, Mkasi alikuja kwangu. Nilikuwa napiga pasi. Alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, nimekuletea mtu wako."

Nikamjibu, "Mtu wangu nilimzika, na wewe mwenyewe ulishika koleo."

"Basi hiki ndicho kipande kilichogoma kuzikwa," akasema, akanipa flashi.

Tuliichomeka kwenye televisheni. Kioo kilikuwa cheusi. Ni mume wangu anacheka, anavuta pumzi, anacheka tena. Mkasi alikuwa amekusanya kila alichokikata. Kuna kicheko kimoja cha mdomo uliobanwa. Wiki ile aliumwa jino. Kuna kingine kirefu, cha siku suruali niliyoishona ilipompasukia bwana harusi wa kuigiza. Jioni ile mume wangu alirudi akaniambia, "Mke wangu, nakuomba usijifunze kushona vizuri."

Mkasi alilia. Mimi sikulia. Nilimwomba airudishe mwanzo.

Sisemi kampuni haina haki. Sauti ilirekodiwa kwa kamera yao. Lakini Mkasi hakuniuzia, wala sikumwagiza, wala hakuna filamu mle ndani. Alichoniletea kilikuwa kinatupwa.

Afisa amenieleza kwamba flashi ikiwa kielelezo itakaa hapa hadi kesi iishe, na huenda isirudi. Sina nakala. Nimeitoa. Marehemu alimpenda Mkasi. Asingekubali kucheka nyumbani kwangu wakati mwenzake amefungiwa.

Sina la kuongeza. Nimesomewa niliyoyasema, nami nakiri kwamba ni yangu na ni ya kweli.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA

Yameandikwa nami, koplo wa zamu, na kukamilika saa tano asubuhi. Kielelezo kimesikilizwa mbele ya shahidi na mkurugenzi wa kampuni, aliyefika baadaye. Ni sauti ya mwanamume akicheka. Hakuna filamu. Mkurugenzi aliomba irudiwe. Ilipokwisha aliomba kufuta malalamiko. Mtuhumiwa ameachiwa na flashi imerudishwa kwa shahidi. Mkurugenzi aliomba apewe nakala. Shahidi amemwambia awe anakuja nyumbani kusikiliza.