Mama Alilala kwenye Mchomoko

Jumapili, jioni. Mvua imekatika, Biharamulo imetulia, na mimi nina usingizi wa siku mbili.

Mtoto analala. Mama analala pembeni yake. Nimebaki na simu mkononi, naandika haya kabla sijasahau jinsi nilivyokasirika, maana najijua, kesho nitakuwa nimeshaanza kucheka.

Nilimbembeleza mama tangu nikiwa mjamzito aje tuishi naye. Akawa anakataa. Shinyanga ana mashamba, ana kuku, ana kanisa lake, na mji wa watu ataufanyia nini? Wiki iliyopita akakubali ghafla. Likizo yangu ya uzazi imeisha, kesho narudi dukani kuuza mbegu na mbolea, na bosi ameshaniuliza kwa sauti ile ya upole inayotisha kama kweli nitarudi. Mume wangu ni dereva wa lori, muda huu yuko Rusumo anasubiri karatasi za forodha. Kwa hiyo mama asipokaa, mimi kazi sina. Ni hivyo tu.

Na mimi nilimwambia nini kwenye simu? "Usijali mama, hapa ni mjini, ukishuka tu stendi magari yamejaa."

Magari yamejaa kweli. Mchana.

Basi lake liliharibika njiani, akashuka stendi jana usiku, watu wameshalala. Sisi tunakaa nje kidogo ya mji, njia ya Nyarubungo. Bodaboda hawaji huku usiku, wanaogopa, na siwalaumu. Mama naye hapandi pikipiki hata jua likiwaka. Zilizobaki ni michomoko, yale magari madogo ya kuchangia, yanayobeba wanne kama hakuna askari na saba kama dereva ana haraka.

Namba za madereva ninazo. Nimeziandika "Teksi Mweupe", "Teksi wa Kanisani", "Teksi Kofia". Mweupe simu imezimwa. Wa Kanisani akaniambia yuko njiani anakuja, na nyuma yake nasikia watu wanashangilia goli. Kofia akasema yuko Ngara msibani. Huyo angalau alisema kitu cha kueleweka.

Mtoto ana miezi mitatu, mvua inanyesha, nikawa nasimama mlangoni na kurudi ndani. Hicho ndicho nilichoweza kufanya.

Halafu mama akanipigia. Amepata gari, liko moja tu stendi nzima, lakini dereva hataki kuondoka. Nikaomba niongee naye. Kijana anaitwa Lameki, mwenyeji wa Bugarama, mpole kweli. Alikuwa amemwamkia mama shikamoo vizuri kabisa, akampokea na begi.

"Dada, gari likijaa tunaondoka," akaniambia.

Lijae na nani, saa hizo? Na popo?

Ndivyo wanavyofanya kazi. Gari halitoki na mtu mmoja. Mchana hakuna shida, unakaa kidogo, anakuja mama mwenye ndizi, anakuja mwalimu, mnaondoka. Usiku utaratibu ni uleule, isipokuwa watu hawapo. Ukitaka kwenda peke yako unalipia siti zote. Nikamwambia sawa, nitalipa zote akifika, mlete mama yangu.

Sasa mama akachukua simu yake.

"Mimi ni mtu mmoja," akasema. "Nikilipia watu wanne, hao watatu wako wapi?"

Nikamsihi. Nikamwambia mama, ni usiku, tulipe tu yaishe. Akasema hawezi kuanza maisha ya mji kwa kuwalipia watu ambao hawapo. Kisha simu ikakata, na nilipopiga tena haikupatikana. Ile simu yake ya kitochi chaji ilikuwa imekwisha.

Sikulala. Nilikaa na mtoto kifuani nikisikiliza barabara. Kila gari lililopita mbali nilinyanyuka. Niliomba, nikalia kidogo, nikatukana madereva wote wa wilaya hii kwa majina niliyowapa mwenyewe. Mungu anisamehe, hata Kofia aliye msibani nilimtukana.

Asubuhi, kumekucha kabisa, gari likasimama mlangoni.

Mama ameketi mbele, amejifunika koti la Lameki. Nyuma kuna wanawake watatu wanaokwenda gulioni, na matenga yao ya nyanya. Alifanya nini mama yangu? Alipanda, akafunga mlango, akasema atasubiri lijae. Lameki akangoja ashuke. Hakushuka. Kumfukuza mzee kwenye mvua hakuweza, kwenda nyumbani na abiria ndani ya gari hakuweza, basi akalala kwenye usukani na mama akalala pembeni. Alfajiri wale wanawake wakaja, gari likajaa, wakaondoka. Mama akalipa siti moja.

Nilitaka kumgombeza yule kijana. Nilikuwa nimepanga maneno tangu usiku. Lakini alinikwepa macho, akashusha begi hadi ndani, akamwambia mama "ukae salama bibi", na mama akamjibu kama anayemjibu mjukuu. Nikaishia kumshukuru.

Mchana kutwa mama alipumzika. Alioga, akala ugali, akampakata mtoto. Baadaye akauliza, "Mabasi ya Shinyanga yanapita hapa saa ngapi?"

Nikajua anataka kurudi kwake.

Nikamjibu, "Asubuhi." Sikuuliza kwa nini. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, nikihesabu nani mwingine naweza kumwomba, nikikosa. Nilijiona mjinga. Mtu anatoka kwake akiwa na shaka, halafu mji unampokea kwa kumlaza kwenye gari.

Jioni nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, mama, unarudi lini?

Akanitazama kama nimeongea Kifaransa. "Nirudi wapi? Nataka kaka yako anitumie nguo zangu nyingine kwa basi. Zile nilizokuja nazo ni za kutembea tu."

Nikakaa chini.

"Nilikuja kuwasalimia, ng'wanawane, mwanangu, sitakuficha," akasema. "Nilisema wiki mbili zinatosha. Lakini nimekaa kwenye lile gari usiku, nikawa nawaza. Mumeo hayupo. Mtoto akishikwa na homa saa kama zile, wewe utatoka na nani? Nikaona hapana. Siwaachi wawili."

Nilikuwa na hotuba nzima ya kuutetea mji huu. Nikaimeza. Nikalia mbele yake bila aibu, naye akaendelea kumbembeleza mtoto, si mimi.

Kesho naingia kazini asubuhi na mapema. Sasa usiku tuko watatu, na gari bado hatuna. Lakini leo nitalala.