Longi Niliyofumua Mbele ya Mama Shiro

Section 58, Nakuru
Jumapili mchana

Mama yangu,

Uko aje, na goti bado linakusumbua ukipanda kule shambani? Mvua imerudi huko Vihiga, ama mnaendelea kuangalia mawingu tu? Hapa ni upepo na vumbi, lile vumbi la Nakuru linaloingia hata kwa sahani iliyofunikwa. Mwili wangu hauna shida. Najua ukiona bahasha utashtuka uulize ni nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Nimejaribu kukuambia haya kwa simu, na kila mara nikaishia kuuliza habari ya ng'ombe. Tena ukinisikia nikilia utaanza kutafuta nauli. Kwa hivyo nimempa Senje, dada yake Baba, barua hii kwa kuwa anarudi nyumbani kesho. Kizito akusomee polepole, na umwambie asiruke mahali popote atakapoona dada yake amekuwa mtu mbaya.

Ni habari ya Mama Shiro, Mama. Unamkumbuka, ndiye mwenye duka la kushona nguo aliyenichukua nilipofika Nakuru bila kujua hata kupitisha uzi kwa cherehani. Ile blanketi unayojifunika, yeye ndiye aliyenipa nikuletee. Sifanyi kazi kwake tena. Nimefungua kibanda changu hapa karibu na ninapoishi. Ukisikia hivyo utafurahi, utasema binti yangu sasa ana duka. Usifurahi kwanza.

Pale kwake tulishona yunifomu zaidi. Longi, yaani suruali ndefu za wanaume, tulishona pia, lakini kwa njia yake. Ana vipande vya karatasi ngumu vimetundikwa ukutani, vya mtu mwembamba, wa wastani na mnene. Mteja akija anapimwa kiuno na urefu, kipande kinachomkaribia kinalazwa juu ya kitambaa, kinaongezwa hapa, kinapunguzwa pale. Nguo inatoka siku hiyo hiyo. Watu walizivaa, wakaenda zao. Mimi mwenyewe nimeshona nyingi hivyo na sikuona kosa.

Mwaka jana ndipo nilianza kutazama video za kushona kwa simu. Mwanzoni ilikuwa ya kupitisha wakati. Halafu nikampata mzee mmoja wa ng'ambo mwenye ndevu nyeupe, anavaa sweta hata ndani ya nyumba, na anafundisha longi tu. Longi ya kupimiwa mtu mmoja, ambayo hata ndugu yake pacha akiivaa itamkataa. Nililipia kozi yake. Kiingereza chake kilinishinda, nikawa narudisha video nyuma mpaka nikajua atakohoa wapi. Nilitazama saa ya chakula, nimeegemea gunia la mabaki ya vitambaa, simu mapajani, waya wa kusikilizia sikioni. Mama Shiro alidhani nasikiliza mahubiri. Siku moja akamwambia mteja, “Huyu msichana anapenda neno la Mungu.” Niliinamisha kichwa, sikumsahihisha. Na Jumapili nikaacha mazoezi ya kwaya ili nikate karatasi chumbani.

Longi ya kwanza nilijishonea mwenyewe kwa pazia la zamani. Nikisimama ilikuwa nzuri kabisa. Nilipokaa ilinikaba mpaka nikapiga kelele. Mwalimu alikuwa amesema umpime mtu akiwa ameketi pia, kutoka kiunoni hadi kwenye kiti, nami niliruka sehemu hiyo nikiona ni maneno mengi. Nikarudia. Nikajifunza kusoma mikunjo, kwa sababu kitambaa kikivutwa mahali kinaonyesha, kikilegea kinaonyesha. Nikajifunza kuvuta kitambaa cha nyuma kwa pasi na mvuke kabla ya kushona, mpaka kifuate umbo la mtu. Nilikuwa na furaha, Mama, sitakuficha. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuamka akiwa na hamu ya kazi.

Basi mama yake Mama Shiro akazidiwa huko Ol Kalou. Mama Shiro akafunga kibegi, akaniwekea funguo mkononi.

“Angalia duka,” akaniambia. “Mtu akitaka kitu hujui, mwambie angojee.”

Nikasema sawa.

Haikupita wiki akaja Mzee Kiprono kutoka Kariandusi. Huyu ni mteja wetu wa siku nyingi, alichimba udongo mweupe huko mpaka akastaafu. Nyonga yake iliumia katika ajali ya pikipiki, kwa hivyo upande mmoja uko juu, na mguu mmoja ni mfupi. Kila longi tuliyomshonea ilizunguka mwilini ikaenda upande, na yeye aliizoea, akawa anaivuta tu kwa mkono akitembea. Sasa binti yake alikuwa anaolewa kanisani. Alileta kitambaa kizuri cha kijivu.

“Mama Shiro hayuko?” akauliza. “Si hata wewe unaweza? Hii mwili yangu mnaijua.”

Mama, hapo ndipo nilipaswa kumwambia angojee. Badala yake nilichukua tepu nikampima kila mguu peke yake, kila upande wa kiuno peke yake, akiwa amesimama na akiwa ameketi. Alishangaa. Nilimshonea kwanza longi ya kujaribia ya kitambaa cha bei rahisi, akaja akaivaa, nikaona mikunjo yote ikielekea ile nyonga. Nikarekebisha. Alipokuja kuvaa ile yenyewe alisimama mbele ya kioo, mikono ikitafuta pale anapozoea kuvuta, na hapakuwa na kitu cha kuvuta. Akatembea mpaka mlangoni na kurudi.

“Haiendi,” akasema. “Haiendi upande.” Kisha akageuka akatazama nje muda mrefu, na mimi nikajifanya napanga uzi.

Kwenye harusi watu walimuona akimpeleka binti yake mbele bila kushika kiuno. Alimwambia kila aliyeuliza. Wanaume wakaanza kuja dukani wakiwa na vitambaa. Mama Shiro alikuwa hajarudi bado. Alikuwa anamzika mama yake.

Aliporudi alikuwa amekonda, sauti imeshuka. Nilimpa pole, nikampikia chai. Habari ya longi sikumwambia, nikasema moyoni nitangoja matanga yapoe. Kumbe wateja hawakungoja. Wakawa wanaingia, wanampita yeye kwenye meza ya mbele, wanauliza, “Yule wa longi yuko?” Yeye ananionyesha kwa kidole, anaendelea na yunifomu zake. Hakuniuliza kitu. Nami nikanyamaza, kila siku ikawa ngumu kuliko jana.

Ndipo akaja mwanaume mmoja mwenye duka la mabati na misumari, mtu wa sauti kubwa. Alikuwa na longi ya kahawia ambayo Mama Shiro alimshonea kabla ya msiba. Akaitupa mezani kwangu.

“Fundi, fumua hii, uniwekee kama ya yule mzee wa Kariandusi. Hii inanibana huku na inaning'inia huku. Shida ni nini?”

Ningesema nitaiangalia baadaye. Ningesema muulize aliyeishona, huyo hapo. Lakini aliponiita fundi mbele ya watu kichwa changu kilijaa. Nikaigeuza ndani nje, nikapitisha kidole kwenye mshono, nikasema kwa sauti ambayo duka lote lilisikia, “Hii ilikatwa vibaya tangu mwanzo.”

Na nikachukua wembe, nikaanza kufumua.

Mama Shiro alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwangu. Cherehani yake ilinyamaza. Nilisikia nyuzi zikikatika moja moja, nyuzi alizoshona kwa mkono wake, na sikuacha. Yule bwana alicheka akasema, “Kumbe tulikuwa tunaibiwa!” Nami nilitabasamu, Mama. Hilo tabasamu ndilo linanirudia nikiwa napika, nikiwa naoga, nikiwa kanisani. Mama Shiro alivaa sweta yake, akasema anaenda kununua vifungo, na hakurudi siku hiyo.

Kesho yake alifika kabla yangu. Nilimwomba msamaha hata kabla ya kuweka mkoba chini. Akauliza tu:

“Hiyo maneno ya longi ulisomea wapi?”

“Kwa simu,” nikasema. “Kuna mwalimu anafundisha kwa video.”

“Lini?”

“Saa ya chakula.”

Akarudia, “Saa ya chakula. Na mimi nikiwa hapo nakula na wewe.” Halafu akasema, “Nilifikiria ni mahubiri.”

Nikamwambia nilitaka kumwonyesha, ila niliogopa ataona namdharau. Akanitazama. “Sasa ni wakati gani umenidharau, Everlyne? Ukinionyesha ama ukinificha?”

Akaniomba nimwonyeshe huyo mwalimu. Tulikaa kwenye benchi la wateja, simu katikati yetu, mimi nikimweleza Kiingereza. Alitazama, akiegemea mbele pale mzee alipokuwa akivuta kitambaa kwa pasi. Mahali fulani alisema “Ala!” polepole. Nikadhani mambo yamepoa. Video ilipoisha akajipangusa magoti akasimama.

“Huyu mzee anajua kazi,” akasema. “Na wewe umeshika. Lakini mimi siwezi kuanza kuwa mwanafunzi ndani ya duka yangu, wateja wakiniangalia. Tafuta mahali yako. Si kwa ubaya.”

“Nitaacha longi,” nikamwambia. “Nitashona yunifomu tu.”

“Utaacha aje na umeshajua?”

Akanisaidia kubeba vitu mpaka barabarani. Hata alinifungia chaki na sindano kwa gazeti. Ningependa angenitukana, Mama. Angenitukana ningelia siku moja ikaisha.

Nikaanza hapa kwa cherehani ya kukodisha. Wateja wakaja, wengine sikuwajua kabisa. Nikamuuliza mmoja, mwalimu wa shule, amenipata vipi huku ndani. Akasema, “Nilienda kwa Mama Shiro, akaniambia za kupimwa hivyo ni kwako. Akanichorea njia kwa karatasi.” Nikamuuliza mwingine, na mwingine. Wote yeye ndiye amewatuma. Nilikuwa nakula kutoka kwa mkono ule ule niliouumiza. Mkasi ukawa mzito.

Alhamisi iliyopita nikafunga kibanda saa ya mchana nikaenda kwake. Nilichagua mchana makusudi, wakati duka limejaa, kwa sababu msamaha wangu wa kwanza niliuomba tukiwa wawili, na matusi niliyatoa mbele ya watu. Walikuwepo kina mama wa yunifomu, na kwa bahati yule bwana wa mabati pia, amekuja kutiliwa kifungo. Nilisimama mlangoni.

“Mama Shiro,” nikasema, “nimekuja kwa ile longi ya kahawia. Nilikukosea mbele ya huyu bwana, nataka nikuombe msamaha mbele yake. Wewe ndiye ulinifundisha kushona. Haikuwa imekatwa vibaya.”

Yule bwana akaangalia viatu vyake. Mama Shiro alimaliza mshono wake, akakata uzi kwa meno, akainua macho.

“Ilikuwa imekatwa vibaya,” akasema. “Mimi pia nina macho. Lakini hiyo ungeniambia mimi, si yeye.”

“Ndiyo, Mama.”

“Haya. Toka kwa mlango, watu wapite.”

Nikatoka. Nilisimama nje kidogo nikidhani labda ataniita. Nikasikia cherehani ikianza tena. Sijui kama nimesamehewa. Mzigo umepungua lakini haujatoka, na kila mteja anapoingia hapa na kipande cha karatasi chenye mwandiko wa Mama Shiro, unarudi palepale.

Nina ombi moja. Ulisema mkimaliza kuvuna utakuja kuona ninapoishi. Ukifika Nakuru, usije kwangu kwanza. Shukia kwa Mama Shiro. Mpe pole ya mama yake, kwa sababu mimi pole yangu niliiharibu. Kaa naye mzungumze kama wazazi. Umwambie unachotaka kuhusu mimi, hata kama ni kunisema. Mimi nitawangoja hapa na chakula, na akikubali kukusindikiza mpaka mlangoni kwangu, hiyo itanitosha.

Nisalimie Baba na umwambie dawa za mgongo zimo kwenye kifurushi cha Senje. Salamu kwa shemeji na watoto wote wa hapo nyumbani, kwa mama mkubwa wa ng'ambo ya mto, na kwa mchungaji, lakini yeye usimsomee barua hii. Kizito, asante kwa kusoma. Acha kucheka hapo kwa longi ya pazia. Nitakushonea longi, ila lazima uje mwenyewe nikupime ukiwa umeketi.

Ni mimi mtoto wako, na bado naona aibu,
Everlyne