Bibi Kashindi na Kabila la Mama

Shamila, uko hapo? Nyumbani kumeharibika.

Leo mama kaenda na bibi Kashindi kuomba pasipoti ya Hija. Karani kamuuliza kabila. Mama kajibu, "Mnyamwezi," kama anavyoandika siku zote.

Bibi kule kwenye benchi akadakia, "Mnyamwezi wa wapi! Sisi Wamanyema. Babu yangu alikuja na msafara wa pembe za ndovu, kaburi lake liko hapa hapa Kwihara!"

Karani kaweka kalamu chini. "Kumbe asili yenu Kongo? Na huyu bibi ni nani wako?"

Yaani Shamila, mama kaona ataambiwa si raia, safari inapotea hivi hivi. Miaka kumi na moja anaingoja. Akasema, "Ni jirani yangu tu."

Jirani! Mama yake aliyemzaa!

Bibi hakubisha. Akamwambia karani, "Kweli baba, mimi jirani tu," akachukua mkongojo wake akatoka.

Fomu imepokelewa. Sasa mama kapiga magoti mlangoni kwa bibi tangu adhuhuri, analia, "Shikamoo mama. Shikamoo mama."

Bibi yumo ndani, tunamsikia akikohoa. Marahaba haitoki.